Fremu Tatu Nyeusi na Mahari ya Mdogo Wetu

Shangazi alishuka stesheni ya Dodoma akiwa na begi moja la nguo na kiroba kilichojaa fremu za miwani. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, safari ya kuja kwetu imekuwa nyepesi, na kila ajapo huja na mzigo wa Kariakoo: mara vitenge, mara viatu, mara mapazia. Safari hii alikuwa ameshauliza kwa simu ni akina nani nyumbani wanaovaa miwani, kisha akasema, "Msinunue kitu huko, nakuja nazo."

Kiroba kilimwagwa juu ya mkeka sebuleni kwa Mama, Nkuhungu, na usiku ule televisheni haikuwashwa. Zilikuwepo fremu za jicho la paka, zile zinazopanda juu pembeni. Zilikuwepo za mviringo za waya wa rangi ya dhahabu, za mraba pana zinazofunika hadi nyusi, za plastiki angavu isiyo na rangi ambazo wanafunzi wa UDOM wanazipenda kuliko zote, na za jua zenye umbo la tone, wanazoziita za rubani. Kitindamimba wetu, ambaye ndiye anayesoma UDOM, alizichambua moja moja na kueleza nani anavaa nini chuoni mwaka huu. Watu walipokezana kioo cha mkononi. Mpwa wangu wa darasa la pili alivaa mbili kwa mpigo.

Nyingi kati ya fremu zile zina historia ndefu kuliko umri wa waliozijaribu. Umbo la rubani lilitokana na miwani ambayo kampuni ya Bausch & Lomb ya Marekani iliwatengenezea warusha ndege, ikaingia sokoni kwa jina la Ray-Ban mwaka 1937. Jicho la paka lilibuniwa New York katika miaka ya 1930 na Altina Schinasi, mwanamke aliyekuwa akipamba madirisha ya maduka. Alichoshwa na miwani ya wanawake wa wakati ule, akachukua umbo kutoka kwenye barakoa za sherehe za Venice. Ile nene nyeusi ya mraba ni ndugu wa Wayfarer, iliyobuniwa mwaka 1952. Mitindo ya miwani hupumzika kizazi kimoja, halafu wajukuu huiamsha.

Jumamosi iliyokuwa inakuja tulikuwa na ugeni mkubwa. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa ameposwa na kijana wa Mpwapwa, barua ilikwishajibiwa, na sasa wakwe walikuwa wanakuja kusikia mahari. Wanawake tulikuwa tumeshashona kitenge cha aina moja kwa ajili ya picha ya familia. Kitindamimba akaona kitenge hakitoshi. Nyumbani wavaa miwani ni watatu: Mama, Baba Mkubwa na yeye mwenyewe. Akachomoa kwenye rundo fremu tatu zinazofanana kwa kila kitu, nyeusi, nene, za mraba, akaziweka mbele yao. "Familia moja, fremu moja," alisema, na Shangazi akampigia makofi.

Mama alikubali upesi, kwa kuwa fremu yake ya zamani ilikuwa imefungwa gundi kwenye bawaba. Baba Mkubwa ndiye aliyetarajiwa kukataa. Amestaafu reli, ni mtu wa koti na kofia, na tangu baba yetu atutoke yeye ndiye msemaji wa ukoo. Lakini alipoivaa ile nyeusi alikaa nayo mbele ya kioo muda mrefu, akasema inamkumbusha Patrice Lumumba. Vijana wa rika lake walikua na picha ile: uso mwembamba, na miwani iliyo nyeusi na nzito juu, nyembamba ya chuma chini. Umbo lile lilianza kuuzwa na kampuni ya Shuron ya Marekani mwaka 1947, na kufikia siku Lumumba alipouawa Katanga, tarehe 17 Januari 1961, lilikuwa limekwisha kuwa sura ya msomi na mpigania uhuru kwa wengi barani Afrika. Ya Shangazi haikuwa ileile, ila weusi wake ulimtosha Baba Mkubwa.

Basi fremu tatu zikapelekwa mjini kutiwa vioo. Za Mama vioo vya kuonea mbali, maana sura ya mtu aliye hatua chache mbele yake humchanganyikia. Za Baba Mkubwa vya kusomea, namba 2.50. Za Kitindamimba vioo vitupu visivyo na namba, kwani macho yake ni mazima na miwani kwake ni pambo. Zikarudi Ijumaa zikiwa zimeng'aa, na ukizilaza mezani hutambui ipi ni ya nani.

Bibi aliletwa siku hiyohiyo kutoka Mvumi. Aliketi kwenye kigoda chake, akazitazama fremu za rangi zilizobaki kwenye kiroba, hakusema neno. Yeye pia ana miwani. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho katika hospitali ya Mvumi, macho yakafunguka, akapewa na miwani ya kumsaidia vitu vya karibu: fremu ya kijivu, nyepesi, ya bei ndogo. Aliikunja, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini ya nguo sandukuni. Ukimwuliza anakujibu kwamba ile ni miwani ya wagonjwa, na yeye alishapona.

Jibu hilo lina mizizi kwetu. Katika nchi ya Wagogo jicho kwa miaka mingi lilihesabiwa upande wa maradhi, na ugonjwa mkubwa ulikuwa vikope. Jirani zetu wa Kongwa ni mashahidi. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walifanya kazi vijijini kule pamoja na wenzao Watanzania, na mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha majaribio yao yaliyoonyesha kwamba watoto wanaooshwa uso vizuri, pamoja na kupewa dawa, hupungukiwa na vikope vikali. Bibi hajasoma jarida lolote, ila hakuna mtoto anayenywa uji kwake kabla ya kunawa uso. Aliona wanawake wa umri wake ambao kope ziligeuka ndani zikakwangua jicho mpaka likafa. Kwa mtu aliyeyaona hayo, fremu ya kijivu ya hospitali inabeba ukumbusho mzito.

Jumamosi ikafika na upepo wake. Dodoma ya Agosti kila mtu anaijua: nyasi zimekauka, anga ni kavu, na vumbi jekundu linapenya mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Mama alikuwa amefagia uani tangu alfajiri na vumbi likawa limerudi. Alipoona miwani yake imekuwa na utando, akamwita mpwa wangu: "Kusanya miwani yote, ioshe kwa sabuni, uipange pale chini ya televisheni." Mtoto alitii kama alivyoagizwa. Alileta beseni, akaosha moja baada ya nyingine, akaikausha kwa khanga safi, akaipanga kwenye kitambaa cha kushonwa, fremu tatu nyeusi mstari mmoja, zimeelekea mlango. Ilikuwa kazi nzuri ya mikono midogo, na hakuna aliyemlaumu baadaye.

Baba Mkubwa alipita, akachukua ya kwanza, akaitia mfuko wa koti bila kuivaa, kwa kuwa hana shida nayo mpaka asome. Honi ilipolia getini Mama alinyakua ya pili, akaivaa akitembea. Alitambua papo hapo kwamba si yake, ila geti lilikwishafunguliwa, na mwenye nyumba hawezi kuwageuzia wakwe mgongo akatafute miwani. Akatoka hivyohivyo.

Wageni walikuja kwa gari aina ya Noah. Mshenga, mzee mfupi aliyekuwa ameshafika kwetu na barua, alitangulia kushuka akiwa kichwa wazi. Dereva, kijana mrefu aliyevaa suti kwa heshima ya siku, alishuka upande wa pili akiwa na kofia. Mama alimkumbuka mshenga kwa kofia aliyoivaa siku ya barua. Alimpita mshenga, akamwendea dereva, akampokea kwa mikono yote miwili. "Mbukwenyi, baba, karibuni sana," akamwongoza hadi kiti kikubwa chenye kitambaa cheupe, kile tulichokiandaa kwa ajili ya mkuu wa msafara. Kijana alikuwa mpole mno kukataa. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, na mshenga akabaki amesimama kando ya friji mpaka Shangazi alipomletea stuli ya jikoni.

Chai ikaitwa. Shangazi alitaka wageni wamwone Kitindamimba akiwa amekamilika, kwa hiyo alimpa sinia kwa mkono mmoja na kumvisha miwani kwa mkono wa pili. Iliyobaki ilikuwa ya Baba Mkubwa. Kioo cha kusomea hukuza kilicho karibu na kuvuruga kilicho mbali, na sakafu ya sebuleni kwa Mama ina kizingiti cha nusu kiganja kati ya korido na zulia. Kwa macho ya Kitindamimba kizingiti kilikuwa kimesogea na kuinuka. Alinyanyua mguu juu kupita kiasi, akakanyaga hewa, na chupa kubwa ya chai ikatangulia mbele yake, ikabingirika juu ya zulia mpaka miguuni mwa wakwe. Sambusa zilienea chini ya makochi. Chai ya maziwa ikachora mto kuelekea viatu vya mjomba wa bwana harusi, naye akavipandisha juu ya kochi kama mtoto. Tulifuta, tukaomba radhi, wageni wakasema ni baraka.

Wakati tunafuta, kaka yetu akaingia kutoka shambani, amechelewa. Analima zabibu upande wa Mpunguzi na kuja mjini kwa pikipiki. Alisimama mbele ya wazee na miwani yake ya jua, nyeusi tititi, pana, ya machinga wa Sabasaba, akaanza kuamkia. "Shikamooni." Hakuna aliyeitika. Bibi aliinua uso kutoka kwenye kigoda. "Vua hiyo, mjukuu wangu. Mtu mzima haamkiwi na dirisha lililofungwa." Kaka akavua. Macho yalikuwa mekundu, na kwenye jicho la kulia, upande wa pua, kinyama cha rangi ya waridi kilikuwa kimeanza kutambaa kuelekea mboni. Wote tulikiona kwa mara ya kwanza siku ile, kwa kuwa tangu Juni hatukuwa tumemwona bila miwani.

Ndipo ikaja zamu ya Baba Mkubwa. Alisimama, akafungua karatasi ya mahari iliyoandikwa na Mama kwa kalamu ya bluu, akatoa miwani mfukoni, akaivaa. Ilikuwa ya Mama. Kwa mzee wa umri wake kioo cha kuonea mbali ni pazia juu ya pazia. Aliisogeza karatasi mbali, akaileta karibu, akaigeuzia dirishani. Mistari aliijua, kwa kuwa tuliijadili pamoja wiki nzima: mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la babu, mbuzi wa vijana, ng'ombe. Kilichokuwa kigeni kwake ni tarakimu tu. Aliikazia macho ile ya ng'ombe, akavuta pumzi, akasoma kwa sauti ya stesheni: "Ng'ombe kumi na wanane."

Karatasi ilisema 13.

Asiye wa huku anaweza kudhani ng'ombe watano ni suala la kuelewana tu. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wagogo, aliandika kitabu kizima kuhusu ng'ombe na undugu wetu, kikatoka mwaka 1969, na wazee wanaoishi wangeweza kumwongezea sura nyingine. Ng'ombe wa mahari hawakai zizi moja. Kuna wa baba, wa mjomba wa binti, wa kaka, na kila mmoja hufunga fundo kati ya nyumba na nyumba. Familia iliyotoka Mpwapwa ilikuwa imekusanya wanyama wake kwa wajomba na mashemeji, ikijua kwa fununu kwamba idadi itakuwa kumi na tatu. Kumi na wanane ilikuwa kuwaambia warudi.

Mshenga alishuka kwenye stuli. "Tunaomba faragha," alisema kwa upole, na wote wakatoka uani kwenye upepo, hata dereva. Ndani, Mama alimgeukia Baba Mkubwa: "Shemeji, watano hawa umewatoa wapi?" Yeye akajibu kwamba amesoma alichoandika yeye. Mama akadai karatasi aione. Akaitazama kwa vioo vitupu vya Kitindamimba, akaisoma vizuri kabisa, kwa sababu macho yake hayana shida na karibu. "Kumi na tatu!" Baba Mkubwa akaitazama tena kwa vioo vya Mama. "Kumi na nane!" Walikuwa wanatazamana, fremu nyeusi kwa fremu nyeusi, kila mmoja amebeba ukweli wa macho ya mtu mwingine.

Bibi ndiye aliyewanyamazisha. Hajui kusoma, wala hakuhitaji. Alinyoosha vidole, akaanza kuwahesabu ng'ombe kwa walaji wao: huyu wa mjomba, huyu wa Baba Mkubwa, huyu wa kaka ili naye aoe, hawa wa nyumbani, mpaka kumi na watatu wakaisha na hakuna mtu aliyekosa. Kisha akamwagiza mpwa wangu, "Waite babu zako waingie. Waambie bibi amehesabu." Mshenga aliposikia hesabu ile alicheka mpaka akashika ukuta. Wakwe wakarudi, mahari ikasomwa upya na Shangazi, na dereva aliposimama kurudisha kiti, mshenga alimkalisha tena akisema kwamba aliyekirimiwa na mama mkwe hanyang'anywi.

Jumatatu tulikwenda mjini wote, Bibi mbele, kwa mpima macho mmoja aliyesomea kazi yake KCMC, Moshi. Tangu serikali itangaze kuhamia huku mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, maduka ya miwani yameongezeka na ukuta mzima wa fremu si ajabu tena. Mpima alisikiliza kisa chetu bila kukatiza, kisha akatufundisha mambo ambayo kila mnunuzi wa fremu anapaswa kuyajua.

Alianza na namba zilizochapwa ndani ya mkono wa miwani. Kwenye zile nyeusi zetu ziliandikwa 52, 18 na 140. Namba ya kwanza ni upana wa kioo, ya pili ni nafasi inayokalia pua, ya tatu ni urefu wa mkono, zote kwa milimita. Mama alikuwa akilalamika kwamba fremu inamshuka mpaka ncha ya pua kila akiinama kupepeta. Sababu ni hiyo ya katikati: fremu nyingi zinazouzwa duniani zimechongwa kwa pua nyembamba na ndefu ya Ulaya, na plastiki ikishatengenezwa haipanuki hapo. Pua zetu nyingi ni pana na ziko chini kidogo, kwa hiyo miwani hukaa mashavuni badala ya puani. Kuna kijana wa Malawi, Ackeem Ngwenya, aliyeanzisha kampuni ya Reframd huko Berlin mahsusi kwa ajili ya kutengeneza fremu za nyuso kama zetu. Kwa asiyeweza kuagiza Berlin, alisema mpima, achague fremu ya chuma yenye vile vipira viwili vya puani, maana hivyo hupindwa vikafuata pua ya mtu.

Mama akapata ya mviringo, ndogo, ya waya. Ndogo kwa makusudi: kioo cha kuonea mbali ni chembamba katikati na kinene pembeni, na fremu ikiwa pana, unene na uzito wote hujitokeza kingoni. Baba Mkubwa alikataa kuachana na nyeusi yake. Mpima alimwunga mkono. Plastiki ile hulainika kwa joto, na pua yake ilikuwa inaelewana nayo, kwa hiyo alichofanya ni kupasha mikono kwenye kifaa cha hewa moto na kuipinda taratibu nyuma ya masikio mpaka ikatulia. Alitaka pia vioo vinavyojigeuza giza juani, aendeshee gari. Akaambiwa wazi kwamba vioo vingi vya aina hiyo huamshwa na mionzi ya jua ambayo kioo cha mbele cha gari huizuia, na tena hufifia kwenye joto kali. Akaokoa pesa yake.

Kwa kaka yetu mpima alikaa muda mrefu kuliko wote. Kinyama kile huchochewa na jua, upepo na vumbi, na Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina vyote vitatu. Kikifika kwenye mboni huziba kuona. Tatizo la miwani yake ya jua lilikuwa weusi usio na kinga. Giza la kioo humfanya mtu afungue mboni zaidi, na kama kioo hakizuii mionzi, mionzi huweza kuingia kwa wingi kuliko kama asingevaa kitu. Kinga haionekani kwa rangi. Kuna kioo cheupe kinachozuia na cheusi kisichozuia, na alama ya kuitafuta ni UV400. Alimpa iliyojikunja pembeni kuziba upepo wa pikipiki, akamwonya asiivae usiku barabarani, na akampangia kurudi kuangaliwa.

Kitindamimba alikuwa amekaa kimya, akihofia kuambiwa kwamba vioo vitupu ni upuuzi. Alinionyesha kwenye simu kazi za Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi anayetengeneza miwani ya ajabu kwa nyaya, vifuniko vya chupa na vyuma vilivyotupwa, akaipeleka kwenye maonyesho makubwa duniani. Kabiru amesimulia kwamba baba yake aliwahi kuchapwa utotoni kwa sababu ya miwani, akaichukia, na mwanawe alipotaka ya kuvaa akamwambia ajitengenezee. Nilimwambia mdogo wangu ninachokiamini: kujipamba uso ni haki yake na hakuna aibu ndani yake. Kosa la Jumamosi lilikuwa kuwalazimisha watu watatu wenye macho matatu tofauti waonekane mmoja. Akachagua ya plastiki angavu, ambayo hakuna mwingine nyumbani angeitaka.

Mwisho akaitwa Bibi. Mpima alimpima kwa chati ya herufi E zinazoelekea pande tofauti, ile ya wasiosoma, na Bibi akawa anaonyesha kwa mkono zinakotazama. Mbali alikuwa salama. Karibu ndiko alikohitaji msaada, kama watu wengi waliowekewa kioo cha bandia ndani ya jicho. Mpima akafungua droo ya fremu nyepesi za kijivu. Bibi akatikisa kichwa, akanyoosha kidole ukutani, juu kabisa, kwenye jicho la paka jekundu lenye mstari wa dhahabu. Kioo kikaletwa. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akauliza kama rangi ile inakwenda na kitenge chake. Mama alitaka kusema kwamba ni ya wasichana, Shangazi akamkanyaga mguu.

Siku hizi jekundu hilo liko usoni mwa Bibi kila akichambua mchele, kila akitunga shanga. Hospitali ilimpa macho, na aliyakubali. Miwani aliikubali siku alipopewa kuchagua. Faida yake si ndogo: mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wachuma chai wa Assam, India, ambamo waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno yao ya siku kuliko wenzao kwa zaidi ya asilimia 20. Mikono ya Bibi ni ya namna hiyohiyo, inaishi kwa kuona kilicho kiganjani.

Na Mvumi jambo limeenea. Bibi zetu wengine, waliokuwa wakisema kwamba uzee hauna miwani, wamekuwa wakimwuliza nyekundu ile imetoka wapi, na kama kuna ya kijani. Shangazi anapokea oda, lakini masharti yamebadilika: kwanza mtu akapimwe macho, kisha apimwe pua, kisha ndipo achague rangi aipendayo. Mpwa wangu ameandika kila kasha la miwani jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino mzito. Wanaogawa miwani vijijini wanapaswa kubeba fremu nzuri, za rangi na maumbo, kwa sababu mtu hatavaa kitu kinachomwaibisha hata kiwe kimetengenezwa na daktari bingwa. Uzuri wa fremu ni sehemu ya tiba, nasi tuna haki ya kuudai.